Fondanti inapasuka kama magaga: maswali yenu ya keki za harusi

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mavuno yameisha, kamati za harusi zinakaa kila Jumapili, na meseji za mwezi huu karibu zote ni za keki, tena keki ya fondanti, lile tabaka laini la sukari linalofunika keki nzima, ya kutengeneza mwenyewe nyumbani. Nimechagua nne. La kwanza nalijibu kwa urefu maana ndo linalowasumbua wengi huku kwetu kanda ya kati.

SWALI: Dada shikamoo. Mi naishi Ipagala hapa hapa Dodoma. Mdogo wangu wa kiume anaoa mwezi wa 9 na nimeahidi mbele ya kamati kwamba keki natengeneza mimi, ngazi 3, inchi 6, 8 na 10, nyeupe yote. Kuoka naweza, nauza keki za birthday za krimu. Shida ni fondanti. Nimejaribu mara mbili. Ya kwanza ilipasuka pembeni pote hata sijaiweka kwenye keki, na nilifata kila kitu walichosema kwenye video, konflawa nimenyunyiza nyingi tu mezani isigande. Ya pili nilipaka wipi krimu chini, fondanti ikateleza ikajikunja chini kama soksi iliyolegea. Zimebaki wiki 6, usingizi sipati. Nifanyeje, au niwaambie tu watafute fundi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiwaambie watafute mtu. Wiki 6 zinatosha, na mtu anayeoka keki ikatoka imenyooka nusu ya kazi kashaimaliza.

Tuanze na ile iliyopasuka. Video nyingi unazoangalia zimerekodiwa na watu wa pwani au wa nchi zenye unyevu. Dar shida ya fondanti ni kunata, hewa ya bahari ina maji, sukari inavuta yale maji, meza inakuwa kama imepakwa gundi, ndo maana fundi wa kule anakwambia nyunyiza konflawa, ongeza aising shuga. Kwa kwake yuko sahihi kabisa. Ila we uko Dodoma, mwezi wa 8 na wa 9, mvua mara ya mwisho ilinyesha lini hata hukumbuki, upepo unapiga toka asubuhi, midomo inakauka, visigino vinatoa magaga. Sasa fondanti yenyewe ni nini? Ni aising shuga iliyokandwa na glukosi (ile nzito ya maji maji, sio ya unga), jelatini, gliserini, mafuta kidogo na maji kidogo sana, na ulaini wake unategemea hayo maji kidogo yaliyofungiwa mle ndani. Hewa yetu inayanyonya kuanzia juu, juu panaota ngozi, we ukija kuivuta ile ngozi inachanika. Halafu ukaiongezea konflawa, unga mkavu ambao nao unanyonya. Hukukosea kufata maelekezo, ulifata maelekezo ya mji mwingine.

Mimi yalinikuta hayo hayo kwenye keki ya send-off ya binamu yangu. Ilikuwa mchana, joto, nikafungua mlango na madirisha yote nikawasha na feni, nikasukuma fondanti ikatoka nzuri kama shuka, simu ikaita. Niliongea kama dakika 5. Niliporudi nikapitisha kidole juu yake nikasikia imekuwa kama karatasi, nikaiinua hivyo hivyo, ilipopinda kwenye kona ya keki ikafunguka nyufa ndogo ndogo zimezunguka keki nzima, kama kisigino cha mtu aliyetembea kiangazi chote bila mafuta. Nikachukua maji nikapaka, nikijua ntaziba. Maji yanayeyusha sukari, kwa hiyo pale nilipopaka pakawa panang'aa na kunata, na vumbi la nje likaja kukaa hapo hapo. Tulizungushia utepe mpana juu na chini ndo ikaenda ukumbini.

Kwa hiyo kwako we sheria ni hizi. Siku ya kufunika funga madirisha, zima feni, ziba hata ile nafasi ya chini ya mlango kwa kitambaa. Fanya alfajiri au usiku, saa 11 asubuhi kumepoa na upepo umelala. Mezani hutaki unga, unataka mafuta ya mgando ya kupikia, meupe, yale yasiyo na harufu, kidogo sana, unapaka kwa kiganja mpaka meza inang'aa tu bila kuona tabaka la mafuta. Mikononi hivyo hivyo. Fondanti yenyewe ikande kabla ya kusukuma, ikande kweli kweli kama unga wa chapati, dakika 5 mpaka 10, na ukiona ukiivuta inakatika badala ya kurefuka basi dondoshea gliserini matone machache, ikande tena. Gliserini kazi yake ni kushika maji yasitoke, ndo rafiki yako mkubwa Dodoma. Ila nunua ile ya kuliwa, kwenye duka la vifaa vya keki, iwe imeandikwa hivyo kwenye chupa. Ya kupaka mwilini yenye manukato usiitie kwenye chakula cha watu.

Wakati haipo mikononi mwako fondanti ikae kwenye nailoni ya kufunikia chakula, imebanwa hewa isiingie, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Hata dakika 2. Ukikata kipande cha kutumia, kilichobaki kinarudi kwenye nailoni kwanza ndo uendelee. Friji haiihitaji.

Sasa hiyo iliyoteleza. Wipi krimu ni tamu na nyepesi, kwa keki zako za birthday haina shida, ila chini ya fondanti haiwezi. Ina maji mengi, yale maji yanaila fondanti kwa ndani, halafu yenyewe ni povu, haiwezi kubeba kilo nzima ya sukari. Chini ya fondanti weka batakrimu ngumu, nusu kilo ya siagi au majarini kwa kilo moja ya aising shuga, na kwa joto letu nusu ya hiyo siagi ibadilishe uweke mafuta ya mgando. Au kama bajeti inaruhusu weka ganashi, hiyo ndo mi naipenda kuliko zote maana ikishika inakuwa ukuta. Chokoleti nyeusi gramu 600 kwa krimu gramu 300, kama ni chokoleti nyeupe basi gramu 900 kwa hizo hizo 300 kwa sababu nyeupe ni laini. Pasha krimu ianze kuchemka, mwagia kwenye chokoleti iliyokatwa katwa, iache dakika kadhaa ndo ukoroge, ikae usiku kucha mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga.

Na keki yenyewe isiwe ile sponji nyepesi. Oka nzito kidogo, ya siagi, au ya matunda, au ya chokoleti iliyoshiba. Ikipoa kabisa, tena mi naiacha usiku mzima imefungwa, kata ule mgongo wa juu ikae flati, panga, jaza, kisha weka kitu bapa chenye uzito mdogo juu yake masaa machache ishuke yenyewe. Keki ambayo haijashuka itashuka baada ya kufunikwa, na hapo ndo unaona mkanda umevimba katikati kama tumbo. Paka tabaka la kwanza jembamba la kushika makombo, friji nusu saa, paka la pili. Hilo la pili ndo uso wa keki yako. Fondanti haifichi kitu, kila bonde na kila kichuguu kitaonekana, kwa hiyo kama una lisaa la ziada litumie hapo, lainisha, tumia kitu kilichonyooka, chuchumaa uangalie kwa pembeni macho yakiwa sawa na keki.

Kiasi. Kwa keki ya kimo cha inchi 4, ya inchi 6 inakula kama nusu kilo, ya inchi 8 gramu 700 hivi, ya inchi 10 kilo moja. Jumla kilo 2 na ushee, lakini we andaa kilo 3 na nusu kwa sababu unasukuma kubwa kuliko unayotumia na mgeni wa kazi hii lazima awe na ya kurudia. Kujua ukubwa wa kusukuma chukua uzi, anzia chini ya keki upande mmoja, pandisha, pitisha juu, shusha mpaka chini upande wa pili. Hiyo ya inchi 10 uzi utakupa inchi 18, ongeza 2, sukuma duara la inchi 20. Kifimbo cha chapati hapo ni kifupi, kitakuachia mistari. Kama huna kirefu, nenda hardware kakate kipande kipya cha bomba la plastiki la maji ya kunywa, futi 2, osha vizuri, kausha. Linafanya kazi safi.

Unene milimita 4, nene kidogo kuliko chapati mbichi. Ukisukuma izungushe kila baada ya misukumo michache isishike meza. Na hapa usiwe peke yako. Mwite dada yako au shoga yako anawe mikono aje, kwa sababu duara la inchi 20 lina uzito na likining'inia linajivuta lenyewe likachanika. Lizungushie kwenye lile bomba, mwenzio ashike keki, we anza upande wa mbali ukilifungua kuja kwako. Kabla ya hapo batakrimu iwe imenyunyiziwa unyevu kidogo sana, kama ganashi pitishia brashi ya maji yaliyochemshwa na sukari, ndo fondanti inashika.

Ikishatua, spidi. Juu kwanza, laza kiganja kutoka katikati kwenda nje ukitoa hewa. Halafu ukingo wa juu, zunguka wote haraka, maana hapo ndo panapochanika, ule uzito wa chini unavuta. Ukingo ukishashika umepona. Pembeni utaona mikunjo kama sketi ya marinda, usiibane chini! Kamata pindo la sketi, lifungue nje rinda lipotee, ndo ulaze kwa kiganja kutoka juu kwenda chini, rinda moja moja, huvuti, unabembeleza. Ukifika chini kata ziada ukiacha kama sentimita 1, malizia kulaza, ndo ukate ya mwisho kwa kisu kikali. Kifaa cha kulainishia kama huna chukua donge la fondanti, lifunge kwenye nailoni laini, libonyeze bapa upande mmoja, sugua nalo. Kwenye kona linashinda hata vile vya dukani.

Kibofu cha hewa toboa kwa pini safi, iingie kwa kulala sio wima, sukuma hewa itoke. Nyufa ndogo zikitokea usilete maji kama nilivyofanya mimi, paka mafuta ya mgando kiasi cha punje ya mchele kwenye kidole na usugue kwa kuzungusha mpaka joto la kidole lizifunge. Pakichanika kabisa, ponda fondanti na tone la maji iwe kama uji mzito, ziba, panageuka nyuma au panawekwa ua. Kila keki ina mgongo.

Panga wiki yako hivi, harusi ikiwa Jumamosi: Jumatano oka, Alhamisi jaza na upake, Ijumaa alfajiri funika. Na kabla ya hapo, Jumamosi hii inayokuja, funika hata sufuria. Kweli kabisa, geuza sufuria ya kimo cha keki, safi, paka mafuta, lifunike. Fondanti ikikataa unaikusanya, unaikanda, unarudia, hupotezi keki. Rudia mara 5 mpaka mkono uzoee lile pindo la sketi. Halafu niandikie kabla ya siku yenyewe unambie umefikia wapi, nitataka kujua.

SWALI: Asalam aleykum. Niko Kondoa, natengeneza fondanti ya marshmelo, zile pipi laini za kuvutika, kwa sababu nilisikia ile nyingine ina jelatini na sina uhakika nayo. Mteja wangu mmoja akaniuliza hiyo marshmelo nayo je? Nikakosa jibu.

JIBU: Waaleykum salaam. Mteja wako kauliza vizuri na umefanya vizuri kutomjibu kwa kubahatisha. Marshmelo nazo kwa kawaida zinatengenezwa kwa jelatini, ndo inayozipa ile hali ya kuvutika, na jelatini inatoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe, wakati mwingine samaki. Pakiti isipoandika ni ya mnyama gani na haina alama ya halali, huwezi kujua kwa kuangalia wala kuonja. Kwa hiyo kubadilisha aina ya fondanti hakujatatua kitu hapo, cha kutafuta ni pakiti yenye alama, iwe marshmelo au jelatini ya unga.

Ukiipata ya ng'ombe ya halali mi nakushauri utengeneze ya jelatini, inakaa vizuri zaidi kwenye ukavu wa huko na haina utamu wa kuziba koo. Jelatini kijiko kimoja cha chakula, mwagia kwenye robo kikombe cha maji baridi uiache dakika 5 ivimbe. Kibakuli kiweke juu ya maji ya moto iyeyuke iwe angavu, isichemke, ikichemka nguvu ya kushika inapungua. Tia glukosi nusu kikombe, gliserini kijiko kimoja cha chakula, mafuta ya mgando vijiko 2, koroga, ipoe iwe vuguvugu. Aising shuga kilo moja ichekeche, gramu 150 ziweke pembeni, iliyobaki fanya shimo katikati mwagia, koroga mpaka mwiko ugome ndo uanze kukanda. Zile gramu 150 unaongeza kidogo kidogo kwa kusikiliza mkono, kwa Kondoa mwezi huu inawezekana usizimalize. Funga nailoni, ilale usiku mzima, kesho ikande upya. Na ile pakiti usiitupe, itunze umuonyeshe mteja.

SWALI: Keki yangu niliitoa kwenye friji ikaanza kutoka jasho, matone kabisa, nikafuta kwa kitambaa ikawa na madoa. Nilikosea wapi? Mpwapwa.

JIBU: Kwenye kufuta. Kitu cha baridi kikikutana na hewa ya joto kinatoa jasho, hata chupa ya soda inafanya hivyo. Ungeiacha bila kuigusa lingekauka lenyewe, na kwa ukavu wetu huwa halichukui muda mrefu. Siku nyingine kama lazima ilale kwenye friji iweke ndani ya boksi la karatasi gumu, ukitoa itoe na boksi lake usilifungue mpaka baridi ipungue, jasho litakaa kwenye boksi badala ya keki. Ila ukiweza usiiweke kabisa. Keki ya siagi yenye batakrimu ya aising ndani ya fondanti inakaa chumba chenye kivuli siku 2 bila neno, kinacholazimisha friji ni vitu kama krimu freshi, kastadi na matunda mabichi. Na kuwe na giza, rangi ya pinki na zambarau zinapauka kwenye mwanga.

SWALI: Dada, nimepata tenda ya keki ya ngazi 4, natoka nayo Singida naipeleka ukumbini Dodoma. Mwenye gari anasema niipange kabisa huku huku nyumbani ili nikifika niweke tu mezani. Mwenzangu anasema hapana. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize mwenzio. Ni zaidi ya kilomita 200, kuna matuta kila kijiji, na ngazi 4 zilizosimama kwenye gari ni mnara unaoyumba. Kila ngazi isafiri kwenye boksi lake, ikiwa juu ya keki bodi yake ya saizi ile ile, imebandikwa kwa batakrimu kidogo isitembee. Boksi likae chini kwenye sakafu ya buti, sio kwenye siti, siti zimelala kwa nyuma hata kama huoni. Chini ya boksi tandika ule mpira wenye vinundu au taulo yenye unyevu. Vioo vya gari vifungwe njia nzima kwa ajili ya vumbi, AC iwashwe, na mwambie dereva mapema kwamba hamna haraka.

Nguzo ziweke huko huko nyumbani kabla ya kuondoka. Kwa kila ngazi inayobeba nyingine chomeka nguzo 4 mpaka 6, zile za plastiki za keki au mirija minene migumu, ndani ya duara la ile itakayokaa juu. Chomeka ya kwanza mpaka iguse bodi, weka alama usawa wa fondanti, ichomoe, kata zote kwa kipimo cha hiyo moja. Zikipishana hata milimita 3 mnara utainama na watu watauona toka mlangoni. Ile ya inchi kubwa kabisa ya chini ndo wanayoisahau kuiwekea za kutosha, wakati inabeba ngazi tatu. Vijiti vya fagio na mbao za mtaani usitumie, hiki ni chakula.

Ukifika ukumbini kagua kwanza meza, itikise, angalia kama sakafu imelala sawa, na omba isiwe chini ya feni wala karibu na taa kali za mpiga video. Panga hapo, ziba mshono kati ya ngazi na ngazi kwa utepe au lulu za sukari. Beba na mkoba wa dharura: donge la fondanti ile ile kwenye nailoni, mafuta ya mgando kidogo, pini, kisu, batakrimu kwenye mfuko, maua ya ziada matatu. Na zile keki ndogo za wazazi wa pande zote mbili zihesabu kabla hujawasha gari Singida, maana ikisahaulika ya mama mkwe hakuna mahali njiani, hata Manyoni, utakapopata mbadala wake.